Ndoo za Mkasi

Nyumba zinazopokea wageni hufanana kuliko wenyewe wanavyodhani. Zunguka miji ya kutosha, keti kwenye meza za kutosha, utaona kwamba muda mfupi kabla kengele ya mlango haijalia, kila mama mwenye nyumba hufanya jambo lile lile: husimama kizingitini mwa chumba cha kulia, mikono kiunoni, akaitazama meza yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Katika mji huu, mara nyingi pembeni ya mama huyo husimama mwanamke mfupi mwenye aproni ya kijani, mkasi ukining'inia kiunoni kwa kamba. Huyo ndiye aliyepanga maua. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani anaitwa Mkasi.

Kazi aliianzia hotelini, katika chumba cha kufulia mashuka. Siku moja mpanga maua wa hoteli aliugua, meneja akatafuta mtu yeyote mwenye mikono misafi, na nani ana mikono misafi kuliko mfua mashuka? Tangu siku hiyo hakurudi kwenye sabuni. Hoteli ilipofungwa, alibeba ndoo zake akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, kwa watu wanaoalika wageni wa chakula na wanaotaka meza iseme kitu ambacho wao hawawezi kukisema.

Alikuwa na taratibu zake, na hakuzivunja kwa ajili ya mtu. Hakugusa ua kabla ya kuuliza.

"Wageni ni akina nani?" alimuuliza siku moja mke wa daktari wa meno, mteja wake wa miaka mingi.

"Wakubwa wa kazini kwa mume wangu."

"Wakubwa kwa cheo au kwa mwili?"

"Mkasi!"

"Nauliza kwa sababu ya viti, mama. Kuna anayepiga chafya? Kuna aliyefiwa karibuni? Kuna wawili walionuniana?"

"Hao wa kununiana ni wote."

"Basi waonane. Asiyemwona mwenzake hawezi kumsamehe."

Hapo aliweka kiwiko juu ya meza, akainua ngumi, na kupima. Ua lolote lililopita ngumi lilikatwa bila huruma. Kwanza, alisema, maua ya mezani yasimfiche mtu. Pili, yasidondoke: waridi lililofunguka kupita kiasi lilitupwa ndooni, na mayungiyungi yalinyofolewa ule unga wa manjano katikati, maana ukigusa kitambaa hautoki hata ukiombewa. Tatu, yasinukie. Hili alilishika kuliko yote.

"Mgeni amekuja kunusa chakula," alisema. "Akitaka bustani ataenda bustanini."

Kwa hiyo maua yote yenye harufu, hata yawe mazuri namna gani, yaliishia kwenye ndoo ya nyuma ya jiko, na mpishi au mlinzi akipenda aliyachukua.

Nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na ua hata moja. Au tuseme yalikuwepo mengi mno, lakini hayakuwa yake. Sebule ilijaa ndoo za wateja, zimesimama juu ya viti, chini ya viti, mpaka bafuni, pazia zimefungwa ili maua yalale gizani yanywe maji. Mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akisema kwamba ameoa mto ambao haujapata njia ya kwenda baharini. Wageni hawakuja, kwa sababu hawakualikwa, na hawakualikwa kwa sababu nyumba haikuwa tayari. Mtu anayetengeneza meza za wengine kwa ustadi ule, atamkaribishaje mtu kwenye meza ya plastiki yenye mguu uliofungwa waya?

Na mtu aliyemtaka kuliko wote aketi kwenye meza yake alikuwa dada yake.

Dada alikuwa mshonaji. Duka lake dogo lilikuwa upande wa pili wa mji, dirisha moja, cherehani moja, na kiti ambacho kila mtu aliyekuja kupimwa alikikalia akasahau kuondoka. Ndiye aliyemlea Mkasi mama yao alipofariki. Alimshonea sare za shule kwa mabaki ya vitambaa, sketi ikawa ya rangi moja mbele na nyingine nyuma, akamwambia, "Usigeuke tu, hakuna atakayejua." Mkasi alipohamia katika nyumba yake, Dada alimletea kitambaa cha meza cheupe, amekitarizi kwa mkono kuzunguka ukingo wote, maua madogo ya uzi mwekundu, yamefuatana bila kukosea hata jani. Kilimchukua msimu mzima.

"Hiki nitakitandika siku utakayokuja kula kwangu," Mkasi alisema.

"Basi nitakuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo bado, Dada. Ngoja ninunue meza."

Meza ilinunuliwa. Kisha ikawa viti havifanani nayo. Viti vikaja, ukuta ukaonekana mchafu. Ukuta ulipopakwa rangi, ukafika msimu wa sherehe, na mpanga maua hana Jumamosi wala Jumapili katika msimu wa sherehe. Kila walipopigiana simu, Dada aliuliza, "Nije?" naye Mkasi akajibu, "Bado kidogo." Hakusema hivyo kwa kiburi. Alizoea kununua maua yakiwa matumba yaliyofumba na kuyahesabia siku ili yafunguke saa ile ile mgeni anapovua viatu. Alijua ubaya wa kuharakisha ua. Ila hakujiuliza kama dada mtu naye huvumilia kusubiri kama ua.

Mara moja Dada alikuja bila kuitwa. Ilikuwa asubuhi, mfuko wa machungwa mkononi. Mkasi alimwona kupitia dirishani akageuka: nyuma yake sebule nzima ilikuwa ndoo, majani yaliyokatwa yametapakaa sakafuni, hapana pa kuweka hata kikombe. Alitoka barazani akaufunga mlango kwa mgongo.

"Dada jamani! Ungesema!"

"Ningesema ungenikataza. Nina neno nataka kukwambia. Tuingie basi."

"Ndani hakupitiki. Hata pa kukalia hakuna."

"Nigeuzie ndoo nitakaa."

"Ndoo? Wewe? Siku nitakayokukaribisha mimi, utakaa kama mke wa balozi."

"Mke wa balozi ana bahati. Mimi miguu inauma leo."

Walizungumza wamesimama, kuhusu bei ya uzi na majirani. Mkasi alikuwa na nyumba ya kwenda kupamba mchana ule, macho yake yakirudi kila mara kwenye saa ya mkononi. Dada alimkabidhi machungwa, akashuka ngazi za baraza polepole, mkono ukipapasa ukingo. Mkasi alidhani ni magoti. Lile neno alilokuja nalo Dada, hakulikumbuka mpaka jioni, na alipolikumbuka alisema moyoni kwamba angekuwa na la maana angelisema.

Muda ukapita. Kisha siku moja simu ikalia.

"Mdogo wangu, nahama."

"Unahamia wapi?"

"Kwa mwanangu wa kiume. Cherehani nimeshaigawa."

Mwana huyo aliishi mji wa mbali, safari ya kutwa na usiku kucha. Mkasi alikaa chini.

"Umeigawa cherehani? Wewe?"

"Macho yamechoka, nami nimechoka kubishana nayo."

"Si ununue miwani mpya!"

Upande wa pili Dada alicheka, kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe. "Ndiyo," alisema. "Nitanunua miwani. Sasa sikiliza. Jumatatu nasafiri. Jumapili nakuja kula kwako, binti yangu yule muuguzi atanileta. Usiniambie bado kidogo. Hata ukinikalisha juu ya ndoo, nakuja."

Mkasi alikataa kazi zote za Jumapili hiyo, jambo ambalo wateja walilisimulia kama habari ya tetemeko. Ijumaa alfajiri alikuwa sokoni kwa muuza maua ambaye mji mzima unamwita Shemeji, kwa kuwa yeye huita kila mwanamke hivyo.

"Shemeji! Leo unapamba ikulu?"

"Napamba kwangu."

"Kwako? Kumbe una kwako!"

"Dada yangu anakuja. Nipe mawaridi meupe. Siyo hayo, yamekwisha kuona dunia. Yaliyofumba."

Alikuwa amekwisha kuamua. Kitambaa cha Dada kilikuwa na uzi mwekundu; maua ya rangi yoyote yangegombana nao, na mekundu yangeumeza. Meupe ndiyo yangekaa kimya ili kazi ya dada yake iseme. Mawaridi meupe ya mashamba makubwa, yale yanayodumu na yasiyonukia chochote, mayungiyungi ya aina isiyo na harufu, na yale maua madogo kama povu la sabuni kujazia. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu kwa mikono yake.

Shemeji alimfungia, kisha akavuta kishada kikubwa cha asumini kutoka nyuma ya meza na kukitumbukiza ndooni kwake. "Na hii zawadi ya dada yako."

"Mezani siweki kinachonukia, unajua."

"Basi weka chooni, Shemeji, lakini chukua."

Jumapili saa sita meza ilikuwa tayari. Mkasi alisimama kizingitini, mikono kiunoni. Alikuwa amekata kila kikonyo mshazari ndani ya maji, ameweka wavu wa waya uliokunjwa ndani ya bakuli pana ili maua yashike, amepima kwa ngumi pande zote. Mawaridi yalikuwa yamefunguka nusu, kama alivyoyaagiza. Ukingoni mwa kitambaa uzi wa Dada ulionekana kama umeshonwa jana. Asumini ilikuwa nyuma ya jiko, ndani ya ndoo, mlango umefungwa ili harufu isiingie.

Dada alifika ameshika mkono wa bintiye muuguzi. Alikuwa amevaa vizuri, kilemba kimekaa sawa, miwani hana.

"Karibu, Dada. Karibu ndani."

"Umepaka rangi tena," Dada alisema. "Nasikia harufu yake."

"Umeona, ee?"

"Nimeona."

Muuguzi alimkalisha mama yake kwenye kiti cha mbele, kile chenye mgongo mrefu. Mikono ya Dada ilitua mezani. Vidole vikakutana na ukingo wa kitambaa, vikasimama, kisha vikaanza kutembea juu ya uzi, jani kwa jani.

"Kitambaa changu."

"Ndicho."

"Nilidhani umewapa panya."

Mkasi alicheka, akasubiri. Maisha yake yote alisubiri wakati huu katika nyumba za watu wengine: mgeni anainua macho, anaona, anavuta pumzi. Dada alikuwa bado na kitambaa.

"Hutasema kitu, Dada?"

Dada aliinua uso. Aliuelekeza katikati ya meza, lakini si katikati hasa. Ulielekea kidogo upande wa dirisha.

"Maua yako, mdogo wangu! Mekundu hivi! Umeyalinganisha na uzi wangu. Yanawaka!"

Muuguzi aliinamia sahani yake.

Mkasi aliitazama meza. Hapakuwa na ua jekundu hata moja. Kwanza alidhani ni utani, Dada na utani wake, akangoja kicheko kifuate. Hakikufuata. Kisha akaona vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yake muda wote: muuguzi akigeuza sahani ya mama yake na kunong'ona, "Kuku huku kwako, wali kule mbele." Uma ukiwekwa kiganjani. Glasi ikisogezwa mpaka ikagusana na kidole.

"Ndiyo, Dada," Mkasi alisema. "Mekundu."

Walikula. Dada alisimulia habari za wateja wake wa zamani, yule aliyetaka suruali ipunguzwe kiuno kila mwaka huku tumbo likikua. Mkasi alicheka pale alipopaswa. Alipokwenda jikoni kuleta maji, muuguzi alimfuata.

"Tangu lini?"

"Muda sasa, mama mdogo. Jicho moja lilizima bado anashona. Akawa anashona kwa lile lingine, kimya, hatukujua. Sasa anabaki na mwanga wa dirisha tu."

"Na mimi mkaniacha nikae kama mgeni?"

"Alinikataza. Alitaka kukwambia mwenyewe, siyo kwenye simu. Mkiwa mmekaa." Muuguzi alimtazama kama mtu anayepima kama sindano ichomwe. "Siku ile ya machungwa alikuja kwa ajili hiyo."

Mkasi aliweka jagi chini. Alikumbuka mgongo wake mwenyewe ukiwa umeegemea mlango. Watu ambao hawajui hata jina lake alikuwa amewauliza kama mgeni wao anapiga chafya, kama amefiwa, kama ni mnene. Dada yake hakumuuliza chochote. Alijua atakaa wapi, atakula nini, ataona nini. Alimpangia meza nzima mtu ambaye hakuwa akimjua tena.

Baada ya chakula Dada alisema anataka hewa. Mkasi alimshika mkono wakapitia jikoni. Mlango wa nyuma ulipofunguka Dada alisimama ghafla, pua juu.

"Nini hiki? Asumini?"

"Ni… ndiyo. Nimeiweka nje."

"Kwa nini nje?"

"Inanukia sana. Mezani haiwekwi."

"Aliyekataza nani?"

Dada alikuwa amekwisha kuinama, mikono ikitafuta, ikapata ukingo wa ndoo, kisha maua yenyewe. Aliingiza uso mzima ndani yake. Alipouinua ulikuwa na matone ya maji kwenye nyusi.

"Nigeuzie ndoo nikae."

Mkasi alimwaga maji ya ndoo nyingine, akaigeuza, akaifuta kwa aproni. Dada aliketi, miguu akainyoosha juani, kishada cha asumini mapajani. Alikaa namna ambayo hakukaa kwenye kile kiti chenye mgongo mrefu. Mkasi akachuchumaa kando yake.

"Yale ya ndani," Dada alisema taratibu, "yana rangi gani?"

"Meupe."

"Meupe?"

"Meupe yote."

Dada alicheka mpaka ndoo ikayumba. "Nawe ukaniitikia mekundu! Mwongo mkubwa!"

"Wewe ndiye uliyeanza."

"Mimi nilikuwa nabahatisha. Nilijua lazima utayafananisha na uzi. Kwa nini meupe?"

"Ili uzi wako uonekane."

Kicheko kikaisha polepole, kama mtu anayeshuka ngazi. Dada alipitisha kidole juu ya kiua kimoja cha asumini.

"Ule uzi nilikuwa naupenda. Ndiyo kazi ya mwisho niliyoona rangi zake vizuri. Bado ni mwekundu?"

"Kabisa. Kama mpya. Kitambaa hakijawahi kufuliwa."

Maneno yalipomtoka ndipo aliposikia alichosema.

"Hakijawahi kufuliwa," Dada alirudia. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mshonaji anayesikia kwamba nguo aliyoikesha haikuwahi kuvaliwa.

"Nisamehe, Dada."

"Nikusamehe nini? Umenialika, nimekuja, nimekula." Alitafuta mkono wa mdogo wake, akaukosa, akaupata katika jaribio la pili. "Ila ungenikalisha hapa tangu zamani, ningekuwa nimekuja kila wiki."

Walikaa pale hadi muuguzi alipokuja kusema gari limefika. Mkasi alizungushia asumini gazeti lililolowa, akamwekea Dada mikononi, yote, hakubakiza kikonyo. Dada aliingia garini akiwa ameikumbatia kama mtoto, na dirisha lilipopandishwa akawa anazungumza na dereva kuhusu harufu yake. Kesho yake alisafiri.

Mkasi alirudi ndani. Mbele ya kiti cha Dada kulikuwa na doa la mchuzi kwenye kitambaa, pana kama kiganja. Kwa desturi yake doa halikai. Maji baridi papo hapo, chumvi, ndimu. Alikaa kwenye kile kiti, akafumba macho, akavuta pumzi. Meza yake nzuri kuliko zote haikunukia kitu, isipokuwa mchuzi kidogo pale Dada alipomwaga. Doa akaliacha.

Katikati ya wiki mke wa daktari wa meno alipiga simu. Kuna chakula cha jioni Jumamosi, alisema, kitu kidogo tu cha kifamilia, na tafadhali yasiwe na harufu, kama kawaida.

"Wageni ni akina nani?" Mkasi aliuliza.

"Wifi zangu wawili, na mama mkwe."

"Mama mkwe anaona vizuri?"

"Anaona… nadhani anaona. Kwa nini?"

"Anapenda harufu gani?"

"Mkasi, nitajuaje? Sijawahi kumuuliza."

"Yuko mbali?"

"Yuko hapo chumba cha pili, anasikiliza redio."

"Nenda kamuulize, mama. Nasubiri."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Simu siikati."

Alisikia sauti ya ndala zikielekea chumba cha pili, mlango, redio ikipunguzwa. Alisubiri, simu sikioni, akitazama katikati ya meza yake. Mawaridi meupe aliyatunza vizuri mno. Yalikuwa bado yamesimama, hata petali moja haijaanguka juu ya kitambaa.